Siku Tisa Bila Vidonge

Treni ilikuwa inapunguza mwendo, abiria wameshaanza kusimama na kushusha mizigo, pale Mama Mapacha alipomgeukia mumewe.

"Mheshimiwa," alisema, "mshikie Bibi mkoba wake. Au na huo unataka kuufanyia majaribio kwanza?"

Mumewe akaupokea mkoba. Tangu walipoondoka nyumbani, saa nne nzima, hakuitwa Baba Mapacha hata mara moja. Aliitwa Mheshimiwa alipoulizwa tiketi ziko wapi, Mheshimiwa alipokumbushwa kwamba asile kitu mpaka apimwe, na Mheshimiwa tena mkewe alipomenya chungwa mbele ya macho yake, taratibu, akalila lote, kipande kwa kipande.

Mwenye mkoba aliyaona yote hayo huku akijifanya anatazama nje. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na miwili, mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, na mtaani kwao walimwita Bibi wa Droo kwa sababu ya duka lake. Ukuta mzima wa duka hilo ulikuwa droo za mbao, mia moja na ishirini, na ndani ya kila droo mlikuwa na mzizi, gome, mbegu au ua lililokaushwa. Alizaliwa Uchina, akajifunza dawa za kwao mikononi mwa baba yake, akaolewa na mjenzi wa reli, akazunguka naye nchi nne, naye akamfia katika hii ya tano. Aliweza kupatana bei kwa lugha sita na kutukana kwa tatu. Lakini mji huu hakuwahi kuufikia, na hospitali yake kubwa alikuwa akiiogopa tangu juzi kama mwanafunzi aogopavyo mtihani.

Mtihani wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa huyu mwanamume aliyebeba mkoba kwa mikono miwili kana kwamba ndani mna mayai. Leo wangeambiwa kama siku tisa alizokaa bila vidonge zimeliharibu ini lake. Ila Bibi alijua kwamba jibu likiwa baya, dawa zake zitakuwamo kwenye kesi, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama angejitetea.

Huyu mwanamume ni Fundi Mizani. Kila kinachopima uzito katika mji wao kimepita mikononi mwake: mizani ya kupimia watoto kliniki, mizani za sokoni, mizani ya sonara ambayo hukaa ndani ya kioo kwa sababu hata pumzi huisumbua, na ile ya ghala la saruji ambayo mtu hulazimika kushuka shimoni ili kuifikia. Hutembea na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia la kilo tano hadi dogo kama punje ya dengu, na mawe hayo huyashika kwa kitambaa, kamwe si kwa vidole vitupu, maana jasho nalo lina uzito. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajakaa, hutazama kama meza imekaa sawa. Mapacha wake walipozaliwa aliwapima upya kwa mizani yake, akagundua kwamba ya wodini inazidisha gramu sitini, akaitengeneza palepale. Mkewe husema siku hiyo mizani ilibebwa kabla ya watoto.

Na ana kanuni moja ambayo wateja wake wote wameisikia mpaka wameichoka. Mizani ikikataa, usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Badilisha kimoja, pima. Ukibadilisha viwili na mizani ikakubali, hutajua kamwe ni kipi kilichoitengeneza, na ikikataa tena, hutajua uanzie wapi.

Kwa Bibi aliingia mara ya kwanza miaka ishirini iliyopita, kuitazama mizani yake ya mkono. Ni kijiti cha mfupa chenye alama ndogondogo, kisahani cha shaba upande mmoja na kijiwe kinachoning'inia kwa uzi upande wa pili. Fundi hakuwahi kuona mizani ya namna hiyo. Aliigeuza kwa nusu saa, akaipima kwa mawe yake yote, kisha akairudisha mezani kwa heshima.

"Nani aliitengeneza hii?"

"Babu wa baba yangu."

"Mpe pole na hongera. Haidanganyi hata punje."

Tangu siku hiyo alirudi kila mwaka, mizani iwe na tatizo isiwe nalo. Hukaa kwenye kigoda chini ya droo, wakanywa chai, wakataniana. Yeye humwambia Bibi kwamba anauza majani makavu kwa bei ya dhahabu. Bibi humjibu kwamba heri majani, maana yeye fundi huuza sifuri: analipwa ili mshale urudi kwenye sifuri.

Kisha ghala la saruji likaalika watu wa damu salama, na Fundi, ambaye hapendi kuachwa nyuma, akajitolea kuchangia damu. Baada ya wiki akaitwa. Damu yake ilikuwa na virusi vya homa ya ini, aina ya B, na huenda alikuwa navyo tangu utotoni bila kuumwa hata siku moja. Akatumwa hospitali hii kubwa, ambako kuna mashine ya kupima ugumu wa ini. Ini laini husoma kama tano au sita. La kwake lilisoma kumi na mbili nukta nne. Lilikuwa na makovu, na makovu yakiachiwa yaendelee, alielezwa, ini hugeuka jiwe. Akapewa vidonge vya kuvizuia virusi, kimoja kila siku, pengine maisha yake yote.

Miezi sita baadaye alikuja dukani bila sanduku lake.

"Bibi," alisema, "huko kwenu mna nini cha ini?"

Alimtazama ulimi, akamshika mshipa wa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akafungua droo. Mzizi mwekundu ambao kwao hutumiwa kuisogeza damu iliyolala. Kokwa za pichi. Uyoga mwembamba unaoota juu ya kiwavi, ambao Fundi aliutazama mara mbili na kuomba asiambiwe tena ni kitu gani. Bibi alizijua hizo kwa baba yake, na alijua pia kwamba kwao madaktari wa hospitali wamezifanyia utafiti kwa ajili ya makovu ya ini, wengine wakasema zinasaidia, wengine wakataka uthibitisho zaidi. Hakumwahidi kitu. Alimpa masharti mawili: vidonge vya hospitali asiviache, na daktari wake aambiwe.

Fundi akaitikia yote mawili kama mtoto aliyetumwa dukani. La kwanza alilitimiza kwa mwaka mzima. La pili hakulifanya hata siku moja, kwa kuogopa kuonekana mshamba mbele ya daktari mwenye umri wa binti yake.

Wiki nne kabla ya safari hii ya treni alifika dukani amechangamka kupita kawaida. Aliisafisha mizani ya mfupa, akakaa kwenye kigoda, akasugua mikono.

"Bibi, safari hii tutajua mbivu na mbichi. Kipimo kiko karibu, na nimeshatengeneza mambo. Kama ini linapona, nataka kujua nani analiponya: wewe au wale wa vidonge."

"Utajuaje?"

"Nimekitoa kimoja. Nimesimamisha vidonge, leo siku ya tisa. Imebaki mizizi yako peke yake. Badilisha kimoja, pima."

Bibi alikuwa ameshika kisahani chenye mzizi mwekundu. Aliurudisha wote kwenye droo, akaisukuma droo mpaka ikagonga ukuta.

"Wewe ni mizani?"

"Mimi ni fundi."

"Sikiliza, fundi. Mizani ikifa mikononi mwako, mteja atanunua nyingine. Hilo ini utalinunua duka gani?"

"Ni siku chache tu, Bibi. Nimekupa wewe nafasi. Ningekuwa wewe ningefurahi."

Hapo ndipo alipomchoma, ingawa hakujua. Maana kwa nukta moja, fupi sana, Bibi alikuwa amefurahi. Kichwani alikuwa ameiona karatasi ya hospitali imeandikwa kwamba mizizi peke yake imetosha, na akaona uso wa marehemu baba yake ukitabasamu. Nukta hiyo ilimwaibisha kwa wiki nne.

Alimfukuza. Alimwambia hatampa hata jani moja mpaka daktari wake mwenyewe amruhusu. Kisha akampigia simu Mama Mapacha, ambaye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa sauti ndogo, "Vidonge viko wapi sasa?" Vilikuwa ndani ya sanduku la mawe ya shaba, chini ya jiwe la kilo tano. Jioni hiyo Fundi alimeza kidonge amesimama jikoni, mkewe akimwangalia kooni kuhakikisha kimeshuka. Ndiyo siku alipopata cheo cha Mheshimiwa.

Hospitali ya wilaya ilimtoa damu ikaitanguliza huku. Bibi, ambaye hakuombwa na mtu, alifunga duka, akatoa sampuli moja moja ya kila alichompa, akaandika orodha kwa maandishi ya kwao na kwa Kiswahili, akakata tiketi ya tatu.

Sasa walikuwa ukumbini, ghorofa ya pili, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja ili visiibwe. Muuguzi aliita namba yao, akamwelekeza Fundi kwenye mizani ya kusimamia iliyokuwa pembeni ya mlango. Fundi hakupanda. Alichuchumaa, akaweka shavu karibu na sakafu.

"Dada, hii imeegemea kulia."

"Panda, baba, watu wanasubiri."

"Nikipanda utaandika uongo."

"Mheshimiwa!" alisema mkewe.

Lakini mkono wake ulishaingia chini. Alizungusha mguu mmoja wa mizani mara mbili na nusu, akaigusa, akasubiri mshale utulie, ndipo akapanda. Muuguzi aliandika namba, akatazama orodha ya wale waliotangulia asubuhi hiyo, kisha akaifunika kwa faili kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya raba na sauti ya chini. Alipoona watu watatu wakiingia, aliongeza kiti kutoka kona. Mbele yake kulikuwa na bahasha ya majibu ya damu, bado haijafunguliwa. Bibi hakuweza kuondoa macho kwake.

"Kabla hujafungua, daktari," Fundi alianza, kisha akakwama.

"Sema, Mheshimiwa," mkewe akasema. "Kwenye treni umefanya mazoezi midomo inacheza."

Akasema. Alisema siku tisa, akasema kwa nini, akaieleza kanuni ya kitu kimoja, na sauti ikazidi kupungua kadiri alivyoisikia mwenyewe. Kisha akasema mizizi, mwaka mzima, akamwonyesha Bibi kwa kidevu. "Huyu hana kosa. Aliniambia nikwambie. Mimi ndiye niliyeona haya."

Daktari hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mzee wangu, kuna watu wameacha vidonge hivi kama ulivyoacha. Virusi vikaamka vyote kwa mpigo. Walirudi hapa macho ya njano, na si wote walioondoka kwa miguu yao." Kisha akageukia upande wa pili. "Na wewe, Bibi, ulimpa nini?"

Mkoba ukafunguliwa. Bibi alipanga vipakiti kumi na kimoja mezani, akaweka orodha juu. Alijiandaa kuchekwa. Daktari aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akaishia chini, akarudi juu.

"Kuna mzizi mmoja sijauona hapa. Ule wa kufanya nywele ziwe nyeusi. Umeshaumiza maini ya watu."

"Ninao, droo ya arobaini na moja," alisema Bibi. "Huyu sijampa. Mwenye ini bovu simpi. Baba yangu naye hakumpa mtu wa namna hiyo."

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mwenzake kazini. Akachukua bahasha, akaichana.

Alisoma karatasi ya kwanza kimya. Mama Mapacha alikuwa ameshika pembe ya khanga yake na kuikunja mpaka ikawa kamba. Fundi alikuwa ametulia tuli, macho yamekaza, na Bibi aliujua utulivu huo: ndivyo alivyokuwa akiusubiri mshale usimame.

"Virusi havionekani," alisema daktari. "Na ini halijachubuka. Ulivirudia kabla havijaamka. Una bahati, mzee wangu, wala usije ukaiita akili."

Mama Mapacha alishusha pumzi ndefu iliyomalizikia kwenye kikohozi. Lakini Fundi alikuwa ameinua kidole.

"Hiyo ni damu. Ugumu je?"

Alilazwa kitandani nyuma ya pazia, mkono umewekwa chini ya kichwa. Bibi na mkewe walibaki upande wa huku, wakisikia kila neno.

"Mashine hii imehakikiwa lini?"

"Mwezi uliopita. Kibandiko kile pale, soma mwenyewe."

Kitanda kililia, mtu akiinuka kusoma. "Haya. Inapimaje?"

"Inagonga mbavuni, inasikiliza wimbi la pigo hilo linavyopita kwenye ini. Mara kumi. Tunachukua namba ya katikati."

"Mara kumi? Hiyo ni mashine yenye adabu."

"Usiongee sasa."

Ikagonga. Bibi alihesabu kwa lugha ya kwao, kama alivyohesabu droo utotoni, na kila mlio ulimkumbusha ile nukta fupi ya furaha pale dukani. Saa hizi hakutaka mizizi ishinde wala vidonge vishinde. Alitaka namba tu, namba ndogo, itoke popote itakapotoka.

"Nane nukta moja," alisema daktari.

Ikasikika sauti ya Fundi, nyembamba isivyo kawaida yake. "Kutoka kumi na mbili nukta nne."

"Kutoka kumi na mbili nukta nne. Linalainika."

Pazia likafunguka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati halijafungwa, jeli inang'aa ubavuni, mzee mzima akilia bila kujificha. Mkewe alimpangusa jeli kwa ile pembe ya khanga iliyokunjwa, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

"Vaa shati," alisema. "Vaa shati, Baba Mapacha, utapata baridi."

Fundi alilisikia jina lake. Alifunga vifungo vyote, kimoja amekiruka, akamgeukia daktari. "Sasa niambie. Nani kafanya? Vidonge au mizizi?"

"Vidonge najua vinafanya hivi. Virusi vikinyamaza, ini hujikarabati lenyewe, nimeona kwa wengi. Mizizi ya Bibi sijui. Huenda imesaidia, huenda haikufanya kitu, na ushahidi nilionao hautoshi kuniapisha. Umeviweka vyote kwenye sahani moja, mzee wangu."

"Viwili kwa pamoja," alisema Fundi kwa huzuni ya kitaalamu.

"Kwa hiyo nitakuomba tufanye kitu. Tuondoe kimoja, tupime baada ya miezi sita."

Fundi akaruka wima. "Si ndivyo nilivyosema mimi!"

"Ulivyosema ni sawa. Ulichokiondoa ndicho hakikuwa sawa. Vidonge vinabaki. Mizizi ndiyo inayopumzika."

Wote wakamtazama Bibi. Ilikuwa inauma, kidogo, mahali ambapo hakuwa akipaonyesha watu. Lakini uzito aliokuwa ameubeba kwa wiki nne ulishashuka, na kulinganisha na huo, maumivu haya yalikuwa kama lile jiwe dogo la Fundi, la punje ya dengu.

"Ipumzike," alisema. "Nitamuuzia chai. Chai hana haja ya kuipima."

"Utaniuzia majani makavu kwa bei ya dhahabu," alisema Fundi.

"Na wewe utakuja kuniuzia sifuri."

Daktari alikuwa bado ameshika orodha. Aliuliza, kwa adabu, kama Bibi angekuwa na muda. Kulikuwa na wagonjwa wengine waliotumia dawa za namna hii na kunyamaza kama Fundi, vipakiti vyao viko kabatini, maandishi hakuna anayeyasoma. Treni ya jioni ilikuwepo. Bibi alivua kofia yake, akaiweka juu ya mkoba.

Fundi na mkewe walitangulia. Mlangoni Fundi alisimama, akaitazama ile mizani ya ukumbini aliyokuwa ameisawazisha, ambayo sasa ilikuwa na kijana amesimama juu yake na muuguzi akiandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwambia Bibi akiwa mbali, kwa sauti ya mtu mwenye njaa tangu jana, kwamba anakwenda kutafuta machungwa.

Kutoka dirishani Bibi aliwaona wakitokea uani. Fundi alishika njia ya kushoto, mkewe akasimama na kuita, na hata kwa ghorofa mbili jina lilifika: Baba Mapacha, lango ni huku. Akageuka, akamfuata, kifungo kimoja bado kimekaa pasipo pake. Waliingia kwenye watu wengine na kupotea.

Bibi alirudi mezani. Daktari alikuwa amemwaga kipakiti cha mgonjwa ambaye Bibi hakumjua juu ya karatasi nyeupe na kukisogeza karibu yake.

"Hiki?"

Bibi akakinusa, akavunja kipande kwa kucha, akakiweka ulimini na kukitema.

"Andika," alisema. "Huyu mtafuteni leo hiihii. Hiki ndicho cha droo ya arobaini na moja."